Chakula cha Mshipani Hakipakuliwi

Nyinyi mnaovaa sare mpya na kuingia wodi ya watoto na simu mfukoni, kila nikija kuwasalimu mnaniuliza jambo lile lile: "Haboba, kwa nini unatukaripia tukigusa dripu?" Haboba ni bibi kwa lugha ya Juba, na sikatai, wajukuu ninao. Sasa nawaandikia mara moja, nisiulizwe tena.

Mambo ya vitabuni hamtayapata kwangu. Shule niliiacha darasa la tatu, vita vilipoifunga, na ilipofunguliwa mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Kiswahili nilijifunza Kenya, ukimbizini, nikifua nguo za watu, halafu nikisafisha zahanati. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi nikarudi Juba na watoto, masufuria na hicho Kiswahili. Nikapata kazi ya uhudumu katika wodi ya watoto: kupiga deki, kuosha watoto, kubadilisha mashuka, na kufukuza watu. Hiyo ya mwisho niliiweza kuliko zote. Mungu alinipa uso wa kufukuzia watu.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Rosa, Mkenya wa Kitale, mfupi, mwenye viatu vinavyolia kwenye saruji kama bata. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na siku ya kwanza akasema atanifundisha kunawa mikono. Mnacheka? Mimi sikucheka, nilikasirika. Nimezaa, nimezika, nije nifundishwe kunawa? Akanipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, mikono yote miwili, akasema, "Mama, nawa macho yakiwa yamefumbwa. Ukimaliza nionyeshe." Nikanawa kwa hasira, kwa sabuni nyingi, ili aone. Nikafumbua macho. Viganja vilikuwa vyeupe, lakini vidole gumba vyote viwili vilikuwa vyeusi kama chungu.

"Sasa niambie," akasema, "mtoto unamshika kwa kidole gani?"

Tangu siku hiyo mimi huanza na vidole gumba. Nanyi muanze hapo.

Jambo la pili mnalotakiwa kujua ni kwamba watu wa Juba wanapenda dripu kuliko daktari. Mtu akitoka hospitali bila kutundikiwa maji, anasema hakutibiwa. Miaka ile baba mmoja alining'iniza redio yake kwenye chuma cha dripu ya mwanawe, na mama mwingine akaanika leso. Nikianua leso, yeye anaanika. Nikianua, anaanika. Mwishowe nikaifua mwenyewe na kuianika nje, akanishukuru kana kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyangojea.

Siku hizi mna mashine zinazosukuma dripu na kulia zenyewe ikikwama. Sisi tulikuwa na saa ya mkononi ya Sista Rosa. Alisimama chini ya mfuko, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye tone, midomo ikihesabu kama mtu anayesali rozari. Akimaliza, anasogeza kile kigurudumu cha kwenye mrija kinachobana matone, kidogo tu, unene wa ukucha. Ukimsemesha wakati huo, ole wako.

Basi niwaambie habari za Ladu.

Ladu alikuwa mtoto wa Sherikat, kule karibu na daraja, umri wa kukimbia na kutukana watu wazima. Homa ya matumbo ikamtoboa utumbo. Akaletwa tumbo limekuwa gumu kama ubao. Daktari Wani akampasua, akakata kipande kilichooza, akaunganisha kilichobaki. Huyu Wani alikuwa kijana wetu, lakini amekulia Nairobi, karudi na shahada na Kiswahili cha mtaani. Mimi aliniita Shosho, yaani bibi.

"Shosho, hii stori si mchezo," akaniambia. "Huyu kijana asionje kitu kwa mdomo. Hata maji. Mpaka utumbo ushikane."

Kama ingekuwa siku chache, maji ya kawaida ya dripu yangetosha. Lakini Ladu alikuja amekonda kama ufito, na utumbo wake baada ya kisu ulikataa kuamka. Mtoto mwembamba hana akiba. Asipokula, kidonda cha ndani hakifungi, na kidonda kisipofunga, hawezi kula. Mnaona kamba ilivyomzunguka?

Kwa hiyo wakaamua kumlisha kwa mshipa, jambo ambalo katika wodi yetu lilikuwa halijawahi kufanyika kwa mtoto. Chakula hicho ni mifuko. Mmoja una maji ya manjano hafifu, yenye sukari nzito na vile vitu vinavyojenga nyama ya mwili. Mwingine ni mweupe kama maziwa, hayo ni mafuta. Sukari nzito namna ile inaunguza mishipa midogo, kwa hiyo Daktari alipitisha mrija karibu na shingo mpaka kwenye mshipa mkubwa, akaushona, akaufunika. Alihangaika sana. Alitoka na shati limeloa, akasema, "Huu ukitoka, sijui nitaweka wapi mwingine." Mguuni Ladu alikuwa na sindano moja ndogo ya dawa, basi. Mishipa mingine ilikuwa imechomwa mpaka ikajificha.

Sista akatutangazia sheria wote, hata mimi mwenye deki. Mrija wa chakula ni wa chakula. Dawa isipite hapo, damu isipite hapo. Mtu asiuguse kabla ya kunawa. Kila asubuhi alimchoma Ladu kidole kupima sukari, na kumfunua kope kwenye mwanga wa dirisha kuona kama macho yamekuwa manjano, maana chakula kile kikitumika siku nyingi, ini linachoka. Alipima asubuhi tu, kwa sababu vijiti vya kupimia vilikuwa vichache na Ladu hakuwa mgonjwa peke yake.

Mama yake Ladu alikuwa na kichanga nyumbani, hivyo aliyekaa kitandani ni bibi mzaa baba, Tereza. Tereza aliuza samaki wa kukausha pale Sherikat kwa madereva wa malori kutoka Uganda, na Kiswahili chake alikitoa kwao. Siku ya kwanza alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mimi iko bibi ya mtoto. Wewe iko nani?"

"Mimi ndiye ninayefagia hapa. Inua miguu."

Ndivyo tulivyojuana.

Kwa Tereza sahani haijai ikifika ukingoni. Inajaa ikiwa mlima. Ukimpa mgeni chakula kilicho sawa na ukingo, umemwambia kwa heshima arudi kwao. Na mjukuu ni zaidi ya mgeni. Sasa mwanamke huyo akakaa siku nzima anatazama mjukuu wake akilishwa tone kwa tone.

"Hii chakula gani?" akawa anasema. "Tone. Tone. Tone. Kama dawa ya macho!"

"Chakula cha mshipani hakipakuliwi, Tereza. Kinapimwa."

"Nyinyi iko wachoyo. Wewe ndiyo mkubwa yao, uso yako inaonyesha."

Mambo yakawa mabaya zaidi siku ya mfuko ulioharibika. Friji yetu ilitegemea jenereta, jenereta ikategemea dizeli, na dizeli ikategemea mapenzi ya Mungu. Kwa hiyo mifuko ililala kwenye friji ya watu wa misaada kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, na kila asubuhi gari lilituletea ya siku hiyo ndani ya sanduku la barafu. Siku moja dereva alisimama Atlabara kunywa chai, sanduku likabaki juani limefunguka. Sista akauinua mfuko mweupe dirishani, akaniita.

"Mama, unaona nini?"

"Mafuta yamejitenga juu, kama mchuzi uliolala."

"Basi huu haufai tena. Hayo matone ya mafuta yakienda mapafuni, tumemuua." Akaukata, akaumwaga wote kwenye sinki.

Tereza akashika kichwa. "Anamwaga! Mtoto iko na njaa, yeye anamwaga maziwa!" Wodi nzima ikamsikia. Kina mama wengine wakaguna pamoja naye, na mimi nikawatazama kwa ule uso wangu mpaka wakanyamaza. Lakini Tereza hakunyamaza moyoni, na hilo sikuliona.

Asubuhi moja nikakuta sisimizi. Walitoka dirishani, wakashuka ukutani, wakapanda mguu wa kitanda cha Ladu kwa mstari kama wanajeshi. Mimi na sisimizi hatupatani. Nikawafuta, nikaweka kila mguu wa kitanda ndani ya kopo la maji, dawa ambayo mnaweza kuitumia hata leo. Halafu nikamgeukia Tereza.

"Umemwaga chai."

"Mimi hapana mwaga."

"Chai yako ina sukari mpaka kijiko kinasimama. Umemwaga kitandani kwa mtoto mgonjwa, mama mzima."

"Chai iko tumboni yangu! Njoo tafuta!"

Kurudi kwenye ndoo ya nguo chafu, wako humo pia. Ndoo mbili zilikuwa pamoja, moja ya vitambaa vya Ladu, moja ya watoto wengine. Sisimizi walijaa kwenye ya Ladu, ile nyingine hawakuigusa. Nikaibeba mpaka mbele ya Tereza ili aione aibu yake, tukaanza upya, sauti juu, mpaka tukasikia viatu vya Sista vinakuja.

"Mnapigania nini nyinyi wazee?"

"Sisimizi, Sista. Huyu amemwaga chai."

"Wako kwenye nguo za nani?"

"Za Ladu peke yake."

"Zimeloa nini?"

"Mkojo. Tangu jana anakojoa kama punda, nimeishiwa vitambaa."

Sista alitembea haraka mpaka kitandani. Ladu alikuwa amelala, midomo imekauka, macho yameingia ndani, na alipotikiswa alisema "moya" kwa sauti ndogo, yaani maji, akalala tena. Sista akamchoma kidole. Kile kimashine cha kupimia sukari kikaonyesha kitu kilichomfanya anitume nimwite Daktari kwa mbio. Sukari ilikuwa imejaa damuni mpaka inamwagika kwenye mkojo, nayo ilikuwa inavuta maji yote ya mwili iende nayo. Msiseme Haboba alikuwa mjanja. Mimi niliona uchafu, Sista ndiye aliyeona ugonjwa. Lakini shikeni hili: sisimizi wakifuata mkojo wa mtoto, msiwafagie kwanza, semeni kwanza.

Daktari Wani akafika. Sista alikuwa ameshahesabu matone kwa saa yake.

"Matone yako sawa, Daktari. Hayajabadilika."

"Chakula ni kile kile, matone ni yale yale, na sukari imepanda hivi? Hiyo ni infeksheni. Vijidudu vimeingia kwenye mrija."

"Hana homa."

"Alivyokonda, hata homa hana nguvu ya kuitoa. Sista, vijidudu vikiwa humo vitamwua kabla ya kesho kutwa. Natoa mrija."

Hakuna aliyependa. Mrija ukibaki na vijidudu, mtoto anakufa. Mrija ukitoka, hakuna mshipa mwingine, na mtoto asiyekula ataondoka polepole, kidonda kikiachia. Daktari alinawa, akavaa glavu, akaomba mkasi wa kukatia nyuzi. Mimi nilisimama na ndoo yangu ya sisimizi mkononi kama mjinga.

Tereza akauliza, taratibu, "Unatoa chakula?"

"Natoa, nyanya. Pole."

"Na yeye atakula nini?"

Daktari hakumtazama. "Kwa sasa, hakuna."

Tereza akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasimama. Akakaa tena. Ncha ya mkasi ilikuwa inatafuta uzi wa kwanza alipoushika mkono wa Daktari, na glavu zake zote safi.

"Wacha. Hapana kata. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi nafungua hiyo kitu." Akaonyesha kigurudumu. "Sista ikienda kule mwisho, mimi nafungua. Namwambia mtoto, kula baba, kula haraka. Nikisikia viatu, nafunga kama ilikuwa. Jana nafungua sana. Juzi kidogo." Akajifuta uso na kitenge. "Mimi hapana weza kuangalia tone."

Sasa mwanamke kama huyo utamfanya nini? Nilikuwa na fimbo ya deki karibu, na Mungu ni shahidi yangu niliitazama. Lakini Daktari Wani aliweka mkasi chini, akaegemea ukuta, akapumua kwa nguvu mpaka barakoa ikajaa upepo.

"Nyanya," akasema, "ungenyamaza dakika moja zaidi tungemmaliza sisi wawili, mimi na wewe."

Wakafanya hivi, na mkae mkikumbuka. Hawakufunga dripu kabisa. Mwili ukishazoea sukari nyingi, ukiikata ghafla, inashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, na mtoto anaweza kupata degedege. Wakapunguza matone. Wakampa maji ya chumvi kwa ile sindano ya mguuni. Wakamchoma kidole tena na tena, vijiti vyote vya akiba vikaenda kwake. Na Daktari akaacha mrija mahali pake, akisema homa ikija hata kidogo, unatoka. Haikuja. Jua likielekea kuzama Ladu alifumbua macho, akanitazama nikipita, akasema kwa Kiarabu chetu kwamba ninanuka dawa ya kudekia. Sikuwahi kufurahia tusi namna ile.

Mimi nikataka Tereza afukuzwe. Nilishaandaa uso. Sista Rosa akakataa.

"Ukimfukuza mlangoni, atarudi dirishani. Huyu ana macho yasiyotoka kwenye ile dripu. Wewe unayo macho kama hayo? Mimi ninayo? Mpe kazi."

Tereza hakujua kusoma saa. Sista akamwuliza wimbo wa kanisani anaoupenda, wakauimba pamoja chini ya mfuko, wakatafuta mwendo ambao kila tone linadondoka pale mkono unapopiga paja. Wakaupunguza, wakauongeza, mpaka ukakaa. Saa ilibaki kwa Sista, lakini tone likitangulia wimbo au likichelewa, Tereza anapaza sauti mpaka kwenye chumba cha akina mama wajawazito. Kutoka hapo hakuna aliyekisogelea kigurudumu kile. Siku moja Daktari Wani alinyoosha mkono, Tereza akampiga kofi kiganjani.

"Umenawa?"

"Nyanya, mimi ni daktari."

"Mimi hapana uliza kazi. Mimi nauliza mkono."

Akaenda kunawa. Na Tereza akamfuata mpaka kwenye jerikeni, kuhakikisha vidole gumba.

Ikabaki kungoja. Daktari alikuwa akiweka kipimo chake tumboni kwa Ladu, anasikiliza, anatikisa kichwa. "Tunangoja upepo," akasema. Tereza akaniuliza upepo gani, mvua ilikuwa bado mbali.

"Ajambe, Tereza. Akijamba, njia imefunguka. Atakula."

Habari ikaenea. Kina mama wakaacha kusalimiana kwa habari ya asubuhi, wakawa wanaulizana, "Bado?" "Bado." Mfagiaji wa nje aliuliza kupitia dirishani. Hata dereva wa Thongpiny, ambaye sasa alikuwa hanywi chai tena njiani, alisimama na sanduku lake mlangoni akauliza, "Vipi, tayari?" Ladu mwenyewe, mtoto aliyetukana kila mtu, akaanza kuona haya.

Ikaja siku padri alipokuwa anawaombea wagonjwa. Alikuwa amefika kitanda cha tatu, wote tumeinamisha vichwa, kimya, na Ladu akaachia. Si kidogo. Tereza akapiga vigelegele katikati ya sala. Mama mmoja akadakia, kisha wote. Padri aliinua kichwa, akatutazama, na mimi nikamweleza kwa maneno machache iwezekanavyo. Akafikiri kidogo.

"Amina," akasema, akaendelea na kitanda cha nne.

Daktari akaja, akasikiliza, akasema maji ya wali, kijiko kimoja, tuone. Nilichemsha mwenyewe, nikayachuja, nikayapoza. Tereza akanawa, nikamsimamia, akachukua kikombe na kijiko. Sista Rosa alisimama upande wa pili, mkono kwenye kigurudumu, kwa sababu chakula cha mshipani hupunguzwa polepole wakati cha mdomoni kinaongezeka, hakiachwi siku moja. Tereza akamtilia kijiko mdomoni. Kijiko kidogo, hata ukingoni hakikufika.

Ladu akayazungusha mdomoni muda mrefu. Akameza. Tukatazama tumbo lake, wote, kama watu wanaotazama sufuria.

"Haina chumvi," akasema.

Tereza alikuwa ameinama juu ya kikombe, machozi yanamdondoka humo na mabega yanatikisika.

"Subiri," nikamwambia Ladu. "Bibi yako anaitia."